Shati la Baba kwenye Kamba ya Pilipili

Juzi nilipita gereji moja hapa Voi, harufu ya oili chafu ikanirudisha utotoni kijijini Kasigau, alasiri ile kikundi cha majirani kilipokuja kwetu. Tembo walikuwa wamemaliza mashamba mawili. Letu ndilo lililofuata. Mama alikata kamba, wenzake wakachovya matambara kwenye oili na pilipili, wakayafunga kwenye kamba kuzunguka mahindi ili harufu iwafukuze tembo, mpaka matambara yakaisha. Mama akaingia ndani, akatoka na shati la baba, aliyekwenda Mombasa zamani kutafuta kazi.

“Mama Mkamburi, hili si bado zima?” mwenyekiti wa kikundi aliuliza.

“Lichovye tu.”

Nikalia: baba akirudi atavaa nini? Mama alijifuta macho, akasema ni pilipili. Nikamwamini, ingawa alasiri yote hakuwa amegusa pilipili; alishika kamba na lile shati tu.