Taa Thelathini na Tisa

Asubuhi ile binti yangu wa mwisho hakukaa kitini. Mimi pia sikutulia. Nilipiga deki chumba cha mitambo mara mbili bila sababu.

Kampuni yetu hutunza kompyuta za wateja kwenye makabati marefu yanayonguruma. Mimi nasafisha, yeye ni mtaalamu aliye kwenye majaribio. Zamani kompyuta mpya zikija, fundi alisukuma kitoroli chenye skrini, akaweka mfumo kwenye kompyuta moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukamuuma. Binti yangu akaandika programu ya kuifanya kazi hiyo akiwa ofisini. Alinieleza kwamba kila kompyuta ina kidude kisicholala hata ikizimwa, mradi umeme upo. Kina anwani yake. Unakiamuru: washa, futa diski, weka mfumo mpya.

Siku hiyo zilikuwa arobaini, meneja akitazama. Zikikubali, anaajiriwa. Zikigoma, mwisho wa mwezi anarudi nyumbani.

Lakini jana yake nilimwona fundi tunayemwita Spana akichomoa bodi, ule ubao wa saketi wa ndani, kwenye kompyuta mpya na kuipachika kwenye kompyuta ya mteja iliyokuwa imekufa. Sikuelewa alichofanya. Asubuhi ile nikamwambia binti.

"Mama, na wewe! Spana kila siku anafungua vitu."

"Alitoa huku akaweka kule."

"Piga deki yako, mama. Usinitie presha."

Nikaondoka. Mlangoni nikageuka. "Kidude chako kiko kwenye bodi au kwenye boksi la kompyuta?"

Akaigeukia orodha yake ya anwani. "Kwenye bodi. Bodi ikihama, anwani inahama nayo." Meneja akavuta kiti. "Tunaanza, au tunasubiri bi mkubwa amalize mkutano?"

"Dakika moja, bosi." Kila kidude kinaweza kuwasha taa ya buluu mbele ya kompyuta yake. Akaziwasha zote, akanituma nikahesabu.

Kwenye makabati mapya zilikuwa thelathini na tisa. Nikarudia, nikigusa moja moja kwa kidole. Ya arobaini niliikuta safu ya wateja, inapepesa, imebandikwa jina la zahanati. Nikakimbia kurudi ofisini.

Nilisema nilichokiona mbele ya meneja, nikihema. Binti akaondoa mstari mmoja kwenye orodha, akabonyeza. Thelathini na tisa zikaamka, zikajiwekea mfumo.

"Nilisema arobaini," meneja akasema.

"Hiyo moja ingefuta kumbukumbu za wagonjwa," binti akajibu.

"Orodha uliihakiki na nani?"

Angeweza kumtupia Spana lawama. Akainama. "Sikuihakiki, bosi. Niliiamini."

Nikaanza kusugua pasipo na doa. Kisha meneja akatamka: miezi mitatu zaidi ya majaribio, na hakuna kufuta chochote kabla mtu hajaziona taa kwa macho yake.

Binti alishukuru. Mimi nilitaka kuuliza kwa nini miezi mitatu na si ajira kabisa, nikaogopa meneja asije akafikiria upya.