Siku Niliyompelekea Mama Ndege Hadi kwa Fensi

Wale mliosikia kwamba niliangusha ndege, punguzeni chumvi, sikuiangusha, niliiingiza kwenye nyasi tu, lakini aibu niliyopata, heri ningeiangusha.

Nilikuwa mwanafunzi wa urubani, siku yangu ya kwanza kuruka bila mwalimu, nikamwambia Mama aje asimame kwa fensi ya uwanja (ni mwendo wa miguu tu kutoka kwetu Kibera) aone mwanawe akitua. Mama naye hajui kwenda mahali peke yake. Alikuja na kina mama wote wa kanisa, wamevaa sare, na ngoma, na kayamba.

Nilipowaona kutoka juu nikavimba kichwa. Badala ya kugusa lami mwanzoni, nikasema ngoja nisogee kidogo wanione vizuri, na hiyo kidogo ikala nusu ya lami nzima. Sasa, mwalimu wangu, Kapteni Njeri, alikuwa amenifundisha mpaka akachoka: magurudumu yakigusa chini chagua moja, simama au ruka tena, na ukishakanyaga breki usibadilishe mawazo. Mimi nikakanyaga breki, nikaona fensi inakuja, nikaongeza moto niruke, nikaona fensi imekuja zaidi, nikapunguza, nikakanyaga tena, ndege ikatoka kwenye lami, ikalima nyasi, ikasimama hatua chache kutoka kwa Mama.

Kina mama wakapiga vigelegele! Ngoma ikalia, wakaimba na kucheza kama watu walioletewa ndege mlangoni, gari la zimamoto likaja, na Kapteni Njeri nyuma yake, mbio.

"Uliamua nini pale?" akaniuliza.

"Yote mawili, Kapteni."

Hakucheka. Aliniambia sitaruka peke yangu tena mpaka aniamini, na hilo liliniuma sana, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeingoja miaka.

Jioni, nyumbani Kianda, mtaa wetu wa hapo Kibera, nikamwambia Mama ukweli, kwamba pale si mahali pa kusimamisha ndege, nilikosea.

"Kwani sisi hatuna macho?" akasema, akinipakulia ugali. "Tuliona imekushinda. Sasa ulitaka tunyamaze, watu wote wakusikie ukilia?"

(Sawa, nililia, sikutaka kuwaambia.) Siku hizi naruka na Kapteni kando yangu, nikigusa lami naamua jambo moja tu, na hata aje nani kusimama kwa fensi, mimi huko sitazami tena.