Kilti ya Struan Haiingii Sandukuni

Saa mbili asubuhi ya Januari huku Uskoti, nje bado giza totoro, na Struan Gillanders ameligeuzia mgongo jiko la kuni nyumbani kwake. Ameshika marinda ya kilti yake, sketi ya sufu ya wanaume wa huku, kwa mikono miwili, ameyainua kwa nyuma, na joto linapanda kule linakotakiwa. Uso wake umetulia kabisa.

"Baba, shusha hiyo! Kuna mgeni!" anafoka binti yake, Shona, akiingia na ndoo ya kuni.

"Mgeni ni mwandishi wa gazeti, ameshaona mabaya kuliko haya," anajibu Struan, wala hasogei. "Sufu ukiilisha joto nyumbani, inatembea nalo. Wewe kakwangue barafu kwenye kioo cha gari."

Struan ana miaka sitini na sita. Kazi yake ni kupiga zumari la mfuko kwenye mazishi, hapa Corriemore na katika vijiji vyote vya milima hii. Harusi nazo hupiga, ila harusi ni za kiangazi, na watu wa huku wana tabia ya kufa Januari. Kila mazishi humpa pauni mia na hamsini, mara nyingine mguu wa kondoo. Anasema mguu wa kondoo hauna kodi.

Leo anamzika Archie Coutts, mfuga kondoo, rafiki yake tangu utotoni. Na leo ndiyo siku ya kuamua kama kilti itabaki kiunoni mwake au la.

Msimu wa baridi uliopita Struan alitoka makaburini akitetemeka, akaishia kulazwa Aberdeen kwa nimonia. Shona, ambaye mama yake alishafariki, alikesha pembeni ya kitanda akimsikiliza baba yake anavyohangaika kuvuta pumzi. Tangu hapo hataki kusikia habari ya magoti wazi kwenye theluji. Na kwa kuwa Struan ana mtoto wa jicho na haendeshi tena gari, asipopelekwa na Shona hafiki popote.

"Nina baba mmoja," anasema Shona. "Nimemwambia waziwazi. Leo akirudi anatetemeka, kilti inaingia sandukuni. Akitaka kupiga avae suruali, hataki abaki nyumbani."

Struan alikubali masharti hayo, lakini kwa hasira. Kwake mshtakiwa si kilti.

"Mwaka jana nilimwazima mpwa wangu Rory kilti yangu akaoe nayo," anaeleza. "Kabla hajairudisha ukaja msiba. Nikakodi nyingine mjini, kitu chepesi kama pazia la bafuni. Ningeweza kukataa kazi. Ningeweza kuvaa suruali. Sikufanya hata moja, kwa kiburi tu. Kosa langu! Sasa wanataka kumfunga asiyehusika."

Huyo asiyehusika ni yadi nane za sufu nzito ya mirabaraba ya kijani, iliyokuwa ya baba yake. Mbele inapishana mara mbili tu. Nyuma ndiko kuna mali yote, marinda juu ya marinda. Chini yake kuna soksi za sufu zinazofika chini ya goti, zimefumwa nene, na viatu vyenye misumari ya kushika barafu. Goti linabaki wazi, na Struan analiacha liwe jekundu. Anasema suruali ikilowa theluji inaganda mguuni, lakini goti ukilipangusa limekauka.

"Na ndani je?" mwandishi anauliza.

"Muulize upepo."

Anakunywa uji wa shayiri wenye chumvi, bakuli la pili analimalizia amesimama. Kisha anachukua filimbi ya zumari, ile inayochezwa kwa vidole, anaificha kifuani ndani ya koti isipate baridi, na safari inaanza.

Makaburi ya Corriemore yako juu ya kilima, na aliyechagua mahali pale hakika hakuwa na mpango wa kukaa sana. Theluji ilikuwa imefika nusu ya ukuta. Struan alitembea mbele ya jeneza akipiga, mashavu yamejaa, marinda yanacheza nyuma yake, na hakuna aliyemwona akitetemeka. Mwenyewe anasema kutembea si kazi. Balaa ni kusimama.

Huku mpiga zumari husimama miguuni pa kaburi, uso kwenye jeneza. Mchungaji husimama kichwani. Lakini jana usiku upepo ulikuwa umegeuka. Ulitokea kule kichwani pa kaburi, ukampiga Struan moja kwa moja usoni, tumboni na mapajani, upande ule wenye kitambaa kidogo. Marinda yote ya baba yake yalikuwa nyuma, yanalinda ukuta.

Angegeuka angepona. Hakugeuka.

"Maiti hapewi mgongo," alisema baadaye. "Na Archie hata akiwa hai hukuthubutu kumpa mgongo, angekupiga bonge la theluji."

Sala ikaanza, na ilikuwa sala ndefu, maana Archie alikuwa na mengi ya kuombewa. Magoti ya Struan yalitoka wekundu yakaenda rangi ya zambarau. Aliubana mfuko wa zumari ubavuni na kukaza meno. Alihisi mtetemeko umeanzia chini, unapanda polepole, akaulaani kimoyomoyo. Kwa pembeni ya jicho alimwona Shona amefungua mlango wa gari, anakuja na blanketi. Akajua akifunikwa lile blanketi mbele za watu, kesi imekwisha.

Aliyemwokoa ni mfiwa mwenyewe. Bi Elspeth, mjane wa Archie, mwanamke mfupi mwenye fimbo, aliinua kichwa katikati ya sala.

"Mchungaji, simama hapo hapo."

Mchungaji akakatiza sala.

"Wewe umevaa suruali, sivyo? Njoo huku miguuni. Struan, nenda kichwani pa mume wangu, upepo ukupige mgongoni. Archie aliniachia neno moja tu la mazishi yake: asizikwe na mtu aliyevaa suruali kwa kuogopa baridi. Haya, jongeeni! Mnangoja nini, na yeye ameshaganda?"

Wanaume wanane walioshika kamba za jeneza walitazama viatu vyao ili wasicheke. Mchungaji na mpiga zumari wakapishana kwenye theluji. Shona alisimama na blanketi lake mkononi, asijue alipeleke wapi, mwishowe akamfunika Bi Elspeth.

Upepo ulikuta marinda sasa, ukagonga na kurudi. Struan alihisi joto la jiko lake likimrudia mgongoni. Mchungaji naye, upepo usoni, akafika amina kwa haraka ya ajabu. Kamba zikalegezwa, Archie akashuka, na zumari likalia. Lilimliza Bi Elspeth waziwazi. Lilimliza hata Struan, ila hakuacha kupuliza.

Kwenye ukumbi wa kijiji kulikuwa na supu, pai za nyama na wiski. Shona hakugusa kitu. Alimkalisha baba yake kwenye kiti.

"Leta mguu."

Akamshika goti, kisha nyuma ya goti, kisha mikono yote miwili. Akamwangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

"Pua inatoka kamasi," alisema hatimaye.

"Pua haikuwemo kwenye masharti!"

Shona akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. Struan akaona huo ndio upenyo wake. Binti huyu alikuwa akipiga zumari pamoja naye tangu akiwa shuleni, akaliacha mama yake alipofariki. Zumari lake bado liko juu ya kabati, na Struan hulipaka mafuta kila mwaka bila kumwambia.

"Siku yangu nayo itakuja," alisema, "na mimi ndiye nimewapigia wote. Nani atakayenipigia? Nataka apatikane kabla sijaondoka, nimfundishe kusimama. Na asije na suruali."

"Usianze mambo ya kufa hapa, Baba. Bi Elspeth ndiyo kwanza ametoka kuzika."

"Nauliza tu."

Shona alilikunja lile blanketi, ambalo Bi Elspeth alikuwa amelirudisha.

"Yadi ngapi?" akauliza.

"Nane."

"Sufu nzito?"

"Nzito mpaka utaitukana ukipanda ngazi."

"Mwambie mshonaji anipime Jumatatu," alisema Shona. Kisha akaenda kwenye jiko la ukumbi, akaligeuzia mgongo akiwa na jinzi yake, na Struan akampigia kelele kutoka kwenye kiti kwamba anapoteza kuni za watu bure.