Mashine ya Saiba Yetu

Chekeni, lakini mkimaliza mnipe heshima yangu. Nilikuwa nikihudumu kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Kitale. Wakulima kutoka Saboti walinijia kila asubuhi wakitaka bei ya mahindi, nami nikachoka kutafuta kwa mkono. Nikaandika programu fupi ya kuuliza mtandaoni yenyewe, mfululizo, bila kupumzika. Ikachapa kazi! Nikakunja mikono kama meneja wa benki.

Mara kompyuta zote zikakataa kutafuta chochote, maana zilitumia laini moja ya intaneti. Wateja wakalalamika.

"Ni hawa watu wa laini, bana!" nikawaambia. "Wametuzoea vibaya." Nikawapigia simu mbele ya kila mtu, nikawafokea.

Mama Njeri, mwenye saiba, akavaa miwani akasoma kwenye skrini. "Ati tovuti ya kutafutia imetufungia. Ati humu ndani kuna mashine inauliza maswali mbio kuliko binadamu." Akageuka. "Mashine gani hiyo?"

Simu ilikuwa bado sikioni, na mtu wa laini alikuwa anasikia yote. Aibu ikanishika, lakini kifua nacho kikavimba. Nikainua mkono.

"Ni yangu, Mama. Nimeiandika mwenyewe."