Tofali la Mheshimiwa

Guta lilizunguka vibanda mara mbili kabla dereva hajakiri kwamba hata yeye Narung'ombe hapajui. Nyuma yake, Mwamina Saburi alikuwa amekumbatia mashine yake ya kufyatulia tofali kama mtu aliyepakata mgonjwa. Kwao Marambo, hakuna ukuta wa tofali zake uliowahi kumtia aibu, na sifa hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe huku, kufyatua tofali za nyumba ya mwalimu.

Alianza na udongo, salamu baadaye. Akaulowesha kidogo, akafinyanga donge, akaliangusha kutoka usawa wa kifua. Likapasuka vipande vinne, halikusagika wala halikubaki zima.

"Unafaa," alisema. "Ndoo kumi kwa moja ya saruji. Tuchanganye vikavu. Maji tutatia mgeni wa kufyatua tofali la kwanza akishashuka garini."

"Mama fundi," alisema Eustace, afisa aliyehamishiwa wilayani na viatu vyake visivyojua vumbi, "mheshimiwa hasubirishwi. Tia maji sasa hivi."

"Saruji nayo haisubiri, bwana afisa. Ikizidi saa moja imekufa."

"Ratiba inasema saa tatu kamili!"

Hapo ndipo Mwamina alipokosea: aliiamini ratiba, akatia maji.

Saa tatu ikapita, saa nne ikapita, kwaya ikamaliza nyimbo zote ikarudia. Mheshimiwa alifika saa saba kasoro, lundo limeshakuwa mabonge. Eustace akalimwagia ndoo mbili za maji, akalikoroga kwa sepetu, tai ameitupia begani.

"Limefufuka!" akatangaza.

Mheshimiwa akavuta mkono wa mashine, tofali likatoka zuri la kupigwa picha. Akalinyanyua kamera zilione. Likamvunjikia, nusu kwenye koti, nusu kwenye soksi. Watu wakapiga makofi, maana walishaambiwa wapige.

"Udongo wa huku una matatizo," Eustace akawahi kueleza. "Fundi, malizia lundo."

"Lundo hilo halipiti kwenye mashine yangu. Limwagwe, nichanganye jingine."

"Limwagwe? Mbele ya mheshimiwa?"

Mwamina akamwita dereva, wakapakia mashine. Mwalimu Doris, aliyeahidiwa nyumba hiyo, akamkimbilia.

"Na mimi je, mama?"

"Wakikupa funguo, mwanangu, lala na helmeti."

Guta likakata kona. Huku nyuma Eustace alishaazima kalibu ya mbao ya kufyatulia lundo lile lile, na spika zikatangaza kwamba kazi inaendelea vizuri.