Hakuna Kobilo Hapa

Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu Chebet aliyeolewa huko Amerika, na Mama Nafula wa Bungoma, mama ya bwana yake Chebet, yaani mkwe mwenzangu. Chebet alitupeleka kuona nyumba ya kale katikati ya mji wao, ati imehifadhiwa vile ilivyokuwa. Mimi jiko lisilonuka moshi siliamini.

Mama wa kutembeza wageni alituonyesha vijiko vya fedha na picha ya mbwa, hata jina la mbwa akatuambia. Tulipofika jikoni akasema wafanyakazi walikuwa kama jamaa.

Nikamwambia Chebet, "Muulize waliitwa nani."

"Kogo," akasema, akiniita nyanya kwa Kikalenjin, "watu wanangoja."

"Wangoje. Jamaa ana jina."

Mama Nafula akanifinya. "Mkwe, umekuja kutembea ama kuhoji watu kama chifu?"

Chebet akauliza. Kumbe wote waliitwa jina moja. Akienda huyu anakuja mwingine, jina linabaki.

Hapo nikamkumbuka mama yangu, aliyepika kwa mzungu kule Ainabkoi. Asubuhi, umande bado uko, mashine ya kutenganisha maziwa ilisikika mpaka kwetu vibandani. Mama alirudi jioni na mkebe wa maziwa mepesi, leso yake ikinuka mkate. Nilipenda hiyo harufu sana. Nyanya alikuwa akisema, chakula cha wenyewe hunukia mlango wa mbele, wewe unakijua kwa mlango wa nyuma.

Siku moja mdogo wangu Kiprono alishikwa na homa kali, Nyanya akanituma mbio. Nikasimama mlango wa nyuma nikasema namtaka Kobilo. Memsahib akajibu, "Hakuna Kobilo hapa," akafunga. Kwake Mama alikuwa Meri, kwa kuwa aliyemtangulia aliitwa Meri. Nilijua. Lakini kwa zile mbio, jina la nyumbani ndilo lililonitoka mdomoni. Nikarudi peke yangu. Mama alipofika jioni, Kiprono alikuwa ameshatuacha.

Mpaka leo nashuku memsahib alijua nilikuwa namtaka nani. Mama naye hakuwahi kuniuliza kwa nini sikusema Meri.

Ile nyumba ya Ainabkoi ilibomolewa, sasa ni shamba la mahindi. Hakuna wa kutembeza wageni pale. Meri wa kwanza alikuwa Tapsubei. Akafuata Kobilo, mama yangu. Halafu Taprandich, na wa mwisho nadhani ni Rasoa wa Maragoli. Kama nimekosea, ama nimemruka mama ya mtu, tafadhali mnirekebishe.