Nilivyofanya interview ya kompyuta nimejifunika kanga gubigubi

Wakuu, heshima yenu. Leo bibi yenu nimeshika simu niwasimulie, na ni kweli tupu, chumvi nimeiacha jikoni.

Naona humu vijana mnalia eti mmekaa nje ya IT miaka miwili mnaogopa kurudi. Miaka miwili! Haya, sogeeni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa operator wa kutoboa kadi, Dar. Kwa wasiojua: unapiga keyboard, mashine inatoboa matundu kwenye kadi ngumu, matundu hayo ndiyo kompyuta inasoma. Ukikosea hakuna kufuta. Kadi imekufa, chukua nyingine.

Nikaolewa. Mimi Mhehe wa Kilolo, mume Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu. Tukahamia Iringa. Miaka saba nikawa mtu wa jembe na watoto wanne, vidole vikakauka kama magunzi.

Kisha mume akahamishiwa Mbeya. Siku ya nne tu tangu tufike, nikasikia ofisi moja mjini inatafuta operator. Nafasi moja.

Niliitaka ile kazi jamani! Nilichoka kuitwa "yule aliyewahi kufanya kazi".

Interview: unanakili fomu kwenye kadi, hamsini safi ndani ya saa moja. Msimamizi alikuwa kijana wa Tanga, mpole, saa mkononi.

Nikaanza. Mungu wangu! Kila herufi naitafuta kwa macho. Dakika ishirini, kadi safi kumi tu, zilizokufa zimejaa kapu. Na baridi yote ile ya Mbeya, jasho linanitoka.

Mara mtu akanipita kwa nyuma, akakohoa: "Ndugu msimamizi, fomu nyingine hizi hapa."

Wakuu, sauti ile naijua. Baba mkwe!

Asiye Mnyakyusa anielewe. Kwa mila zao enzi zile, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Kabisa. Akitokea njiani, wewe unaingia kichakani. Miaka yote ya ndoa nilimsikia nyuma ya ukuta tu, uso siujui. Kumbe mzee kapata utarishi mjini, na sisi hata salamu hatujaenda kuwapa!

Na ofisini kichaka hakuna.

Nikavuta kanga nikajifunika gubigubi, mimi na ile fomu ninayonakili. Keyboard ikabaki nje, na mikono.

"Mama Ambakisye, unaumwa?" msimamizi akauliza.

Kusikia jina la mjukuu wake, mzee naye akageukia ukuta. Kutoka hawezi, mlango uko upande wangu.

"Jamani, hii ofisi au msiba?"

"Wewe angalia saa yako, ndugu," mzee akauambia ukuta. "Na yeye mwache afanye kazi yake."

Muda unakwenda. Nikasema liwalo na liwe, nikapiga hivyo hivyo. Hee! Vidole vikaenda vyenyewe! Kumbe macho ndiyo yaliyokuwa yananichelewesha. Ta-ta-ta-ta, kadi zinashuka.

Saa ilipoisha, kadi safi hamsini na tatu.

"Kazi umepata," akasema msimamizi. "Ila tarishi wangu ndiye huyu, na fomu lazima alete kila siku. Sasa nifanyeje na nyinyi wawili?"

Moyo ukanishuka. Jibu nililijua, siku zote anayekimbilia kichakani ni mwanamke. Nikaanza kupapasa mkoba wangu, nalia humo humo ndani ya kanga.

Mzee akakohoa tena.

"Mwambie mama Ambakisye aje kazini kesho. Kuanzia sasa zamu ya kujificha ni yangu."

Nilikaa pale miaka mingi. Kila asubuhi nilikuta fomu mezani zimepangwa vizuri, aliyeleta simwoni.

Funzo langu: ujuzi hauzeeki, ni kweli, wala usiukodolee macho mpaka ujuzi wenyewe uone haya kutoka. Ila anayerudi kazini anahitaji pia mtu wa kumpisha njia.

Nyie mliorudi, nani aliwapisha? Na mliozibiwa njia semeni pia, bibi nipo nasoma zote, miwani ninayo.